Bima ya Msimu, Maradhi ya Mwaka Mzima: Somo kutoka Pwani ya Kiwengwa

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi hutakiwa awe na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 za Marekani. Mgeni huyo akifikia katika hoteli mojawapo ya Kiwengwa na akateguka mguu siku ya tatu, suala la nani atalipa limekwisha kujibiwa kabla hajashuka kwenye ndege. Mhudumu anayemwekea chai mezani huenda naye ana bima. Huenda hana kabisa. Au huenda anayo leo, katika mwezi wa Agosti hoteli ikiwa imejaa, lakini Aprili mvua za masika zikishika na milango ikafungwa, hatakuwa nayo. Makala haya yanamhusu huyu wa tatu, kwa kuwa yeye ndiye anayesahauliwa kwa urahisi zaidi, na kwa kuwa maradhi yanayotujazia wodi siku hizi ni yale yasiyojua msimu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya bima. Wagonjwa wengi, na hata baadhi yetu tuliomo katika taaluma, huzungumza kana kwamba bima hupunguza bei ya matibabu. Haipunguzi. Dawa iliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni itagharimu kiasi kile kile, awe anayelipa ni mgonjwa, Serikali au mfuko. Bima hubadilisha mambo mawili tu: nani analipa, na lini analipa. Badala ya mtu mmoja kubeba mzigo wote siku anapoanguka, watu wengi hubeba kidogo kidogo siku ambazo wazima.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Watu 100 wanajiunga, na kati yao 5 wataugua mwaka huu, kila mmoja kwa gharama ya shilingi 1,000,000. Jumla ni shilingi 5,000,000, na kila mwanachama akitoa 50,000 hesabu imekamilika. Sasa nusu ya wanachama, wote wazima, waseme kwamba hawaoni haja. Wagonjwa ni wale wale 5, gharama ni ile ile, lakini waliobaki ni 50, na mchango umekuwa 100,000. Kwa bei hiyo wazima wengine nao wataondoka, na mchango utapanda tena. Mfuko unaokusanya wagonjwa peke yao hugeuka kuwa njia ndefu ya kuwarudishia wagonjwa bili yao wenyewe.

Jambo hilo limetokea karibu nasi. Huko Tanzania Bara, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule. Sababu iliyotolewa ni kwamba waliokuwa wakisajiliwa kwa wingi ni watoto waliokwisha kuugua, hivyo matumizi yakauzidi mchango. Mzazi mwenye mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo hakufanya hila yoyote alipokata kadi ile. Alifanya alichofanya mzazi yeyote mwenye akili. Lakini mfuko wa hiari huwavutia kwanza wenye haja, na hakuna mawaidha yatakayoubadilisha mwelekeo huo. Ndiyo maana nchi zikazielekea bima za lazima. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Zanzibar, mwaka huo huo, ilipata Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya, na Mfuko ukaanza na watumishi wa umma kabla ya kuigeukia sekta binafsi iliyo rasmi.

Kwa Mzanzibari haya ni mageuzi makubwa kuliko yanavyoonekana. Vizazi viwili vimekua vikiamini kwamba matibabu ni bure, tangu Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza hivyo katika miaka ya 1960, na imani hiyo imejenga mambo mema mengi: chanjo, kliniki za mama na mtoto, vituo vya afya vinavyofikika kwa miguu. Hata hivyo, neno bure lilikuwa na ukweli wake katika zama ambazo aliyekuja kituoni alikuwa na malaria, kuhara, homa ya mapafu au uchungu wa kujifungua. Mgonjwa wa malaria hutibiwa siku tatu akarudi kazini. Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu hutibiwa miaka thelathini. Wa kisukari vivyo hivyo. Figo zikishindwa kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kila wiki, yaani vipindi 156 kwa mwaka, na kila kipindi kina chujio lake, mirija yake, dawa zake na maji yaliyotakaswa kwa mtambo. Vipimo vya picha navyo, vya CT na MRI, vinahitaji mashine za mabilioni na mafundi wa kuzitunza. Haya ndiyo yaliyopandisha gharama, zaidi ya tamaa ya mtu yeyote, ingawa tamaa nayo haijakosekana.

Nitataja moja tu katika hilo la tamaa. Mfuko unapomlipa mtoa huduma kwa kila kipimo na kila sindano, kuna kishawishi cha kuandika vipimo vingi. Mfuko unapopunguza bei ili kujilinda, mtoa huduma naye hulalamika kwamba hawezi kufidia gharama. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika Bara, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa, na wagonjwa wakajikuta na kadi halali mikononi mbele ya dirisha lisilowapokea. Huduma zilirejea baadaye. Wafanyakazi wenzangu wa afya wakumbuke kwamba bei iliyomo katika kitita si jambo la wahasibu peke yao, kwani hapo ndipo huamuliwa kama dawa tuliyoiandika itatoka dirishani au la.

Sasa turudi Kiwengwa. Kijiji hiki kiko pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini B, na kwa miongo kadhaa kimeishi kwa wageni, hasa Wataliani, hata ukawasikia vijana wa ufukweni wakibishana bei kwa Kiitaliano safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kazi hapa hufuata upepo wa utalii. Kuanzia Juni au Julai mpaka Oktoba hoteli hujaa. Hujaa tena Disemba mpaka Februari au Machi. Aprili na Mei, masika yakipiga, baadhi ya hoteli hufunga kabisa na nyingine hubaki na walinzi na watunza bustani. Mikataba nayo huandikwa kwa kufuata kalenda hiyo. Ukiongeza miezi ya katikati ambayo mwajiri huita watu wachache, si ajabu mfanyakazi akawa na mshahara kwa miezi minane tu kati ya kumi na miwili.

Bima iliyofungwa kwenye mshahara hukusanywa kwa urahisi: mwajiri hukata, huongeza fungu lake, hupeleka. Kwa mtumishi wa umma utaratibu huu ni mzuri, kwa kuwa mshahara wake haujui masika. Kwa mfanyakazi wa msimu, mshahara ukikoma, mchango nao hukoma, na kinachoifuata kadi yake hutegemea kanuni za mfuko na maneno yaliyomo katika mkataba, maneno ambayo wengi hawajayasoma.

Hapa tiba inaingia. Shinikizo la damu halina maumivu. Mtu mwenye 170 kwa 105 anaweza kubeba sinia tatu kwa mkono mmoja na asihisi chochote. Anapokunywa amlodipini kila siku, namba hushuka, naye pia hahisi tofauti. Kwa hiyo siku kadi inapokoma, dawa ndiyo ya kwanza kuachwa, kabla ya unga, kabla ya vocha ya simu, kabla ya ada ya mtoto ya masomo ya ziada. Simlaumu. Ukimuuliza binadamu yeyote achague kati ya njaa anayoihisi na hatari asiyoihisi, jibu linajulikana. Lakini mishipa ya ubongo na vichujio vya figo havisubiri Julai. Wiki chache baada ya dawa kuachwa, shinikizo hurudi lilikokuwa. Kwa dawa za kundi la atenololi kuna hatari ya ziada: zikikatwa ghafla mapigo ya moyo hupanda, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Kwa mwenye kisukari anayeishi kwa insulini pekee, kukatika kwa dawa huhesabiwa kwa siku, wala si kwa wiki.

Hasara nyingine haionekani haraka. Kila pengo la miezi minne huacha uharibifu mdogo ambao haurudishwi na miezi minane ya dawa inayofuata. Baada ya misimu kumi, mtu huyu aliyekuwa mwanachama mwaminifu kwa sehemu kubwa ya muda anafika Mnazi Mmoja akiwa na figo zilizosinyaa. Kuanzia hapo mfuko, Serikali au jamaa zake watalipia kusafisha damu vipindi 156 kila mwaka, kwa sababu hapakuwa na wa kulipia kidonge kimoja kwa siku katika miezi ya mvua. Katika maradhi haya, kuokoa mchango wa miezi minne ni kununua gharama.

Je, kuna ushahidi kwamba kulipiwa au kutolipiwa hubadilisha afya yenyewe? Upo, na ni wa siku nyingi. Kati ya mwaka 1974 na 1982 taasisi ya RAND ya Marekani iligawa familia kwa bahati nasibu katika mipango mbalimbali ya bima: baadhi walitibiwa bure, wengine walichangia sehemu ya bili. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, na kwa walio wengi afya haikudhurika kwa kiasi kilichoweza kupimika. Waliodhurika walikuwa maskini wenye shinikizo la juu la damu: kundi hilo lilipotibiwa bure, shinikizo lao lilidhibitiwa vizuri zaidi kuliko la wenzao waliochangia. Utafiti mwingine, wa jimbo la Oregon, ulioanza mwaka 2008 kwa bahati nasibu ya nafasi za bima ya watu wenye kipato cha chini, ulikuta kwamba bima iliwaondolea watu madeni ya hospitali na huzuni, lakini katika miaka miwili ya mwanzo haikuonyesha mabadiliko dhahiri ya shinikizo la damu. Nauleta kwa makusudi, kwa kuwa unatuzuia tusiahidi kupita kiasi. Kadi humfungulia mgonjwa mlango. Ndani ya mlango lazima awepo mtu wa kumpima, dawa ya kumpa, na tarehe ya kurudi.

Turudi kwenye hesabu. Katika Mfuko wa Taifa wa Bara mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake na nusu ya mwajiri. Nautumia kama kipimo cha mfano. Mhudumu wa Kiwengwa mwenye mshahara wa shilingi 400,000 angechangiwa 24,000 kwa mwezi. Kwa miezi minane ni 192,000. Mwaka mzima ungehitaji 288,000. Tofauti ni 96,000. Kama tofauti hiyo ingesambazwa katika miezi ya kazi, mchango wa mwezi ungekuwa 36,000 badala ya 24,000, yaani asilimia 9. Mfanyakazi angeongeza 6,000 kwa mwezi na mwajiri 6,000. Si fedha za kudharau. Lakini katika Agosti, mwezi wa bakshishi, ni fedha zinazopatikana, ilhali katika Mei hata shilingi 1,000 ya nauli ya kuja mjini ni ya kukopa.

Waajiri wana hoja yao, na ni ya haki kuisikiliza: hoteli tupu haina mapato, nao hawajaajiri mtu kwa mwezi ambao hayumo kazini. Hata hivyo hoteli hiyo hiyo hulipia bima ya jengo na ya moto kwa mwaka mzima, pamoja na Aprili. Mhudumu aliyezoea kazi, anayejua Kiitaliano na anayetarajiwa kurudi Juni, ni mali inayostahili ulinzi kama paa la makuti.

Majirani zetu wamelijaribu tatizo hili la kipato kisicho cha kila mwezi kwa njia tofauti. Rwanda iliijenga bima yake ya jamii, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1999, juu ya mchango wa mwaka kwa kila mtu katika kaya, huku maskini kabisa wakilipiwa. Hapo hakuna wa msimu, kwa kuwa hakuna anayetazama hati ya mshahara. Kenya, ilipoanzisha mfuko wake mpya Oktoba 2024, iliweka asilimia 2.75 ya mshahara kwa walioajiriwa rasmi, na kwa wengine kiasi kinacholingana na kipato kilichokadiriwa, kilipwe kwa mwaka kwa mkupuo. Mkupuo huo ukawa mgumu kwa wachuuzi na wakulima, na mwaka 2025 ukaja mpango wa kuwawezesha kulipa kidogo kidogo. Kutokana na hao wawili nachukua funzo moja: kipindi cha kinga lazima kiwe mwaka, na namna ya kulipa iufuate mfuko wa mlipaji ulivyo. Mwanamke anayelima mwani hupata fedha baada ya kuvuna na kukausha. Mvuvi hupata kwa bamvua. Kuwaomba mchango tarehe 30 ya kila mwezi ni kuwaazima kalenda ya ofisi isiyo yao.

Mpaka sheria na kanuni zitakapowafikia watu hawa sawasawa, yako yanayoweza kufanywa kesho asubuhi katika kituo cha afya. Tunapomwandikia dawa ya muda mrefu mgonjwa anayefanya kazi hotelini, tumuulize swali ambalo halimo katika fomu zetu: mkataba wako unaisha lini? Jibu likiwa Machi, basi Februari ndiyo ya kupima kreatinini, protini katika mkojo na sukari, na ndiyo ya kumpa dawa za miezi miwili au mitatu pale kanuni zinaporuhusu. Tumwandikie kwa jina la asili la dawa, si la kampuni. Amlodipini, hidroklorothiazidi na metformini ni dawa nafuu zinazofanya kazi sawa na zile za boksi la kupendeza, na zina nafasi kubwa zaidi ya kupatikana katika kituo cha Serikali atakakokwenda kadi ikilala. Mgonjwa aliyeanzishiwa katika hospitali binafsi dawa tatu za gharama kubwa ndiye atakayeziacha zote tatu. Na tumwandikie katika daftari lake mwenyewe: vipimo, dozi, tarehe. Wengi wa wafanyakazi hawa ni wenyeji wa Bara, hurudi Tanga, Mwanza au Mbeya wakati wa masika, na faili lililobaki Unguja halimsaidii daktari wa huko.

Kwa wewe msomaji mwenye maradhi haya, muulize mwajiri mambo matatu, kwa adabu na kwa maandishi ikiwezekana: je, michango yangu imekuwa ikipelekwa; nikienda likizo isiyo na malipo kadi yangu itakuwaje; na mke au mume na watoto wangu wamo? Usingoje uugue ndipo ugundue kwamba fedha ilikatwa kwenye karatasi ya mshahara bila kufika mfukoni. Kama mwenzio hana bima, usimwazime kadi yako. Najua huonekana ni wema, na katika utamaduni wetu ni vigumu kumnyima jirani. Lakini akitibiwa kwa jina lako, majibu yake yataandikwa katika kumbukumbu zako: kundi lake la damu, mzio wake wa dawa, ujauzito wake. Siku utakapoletwa huna fahamu, tutasoma yaliyoandikwa.

Mwisho wa Machi uwe na mashine ya kupima shinikizo inayofikika, iwe ya kituo, ya duka la dawa au ya kununua kwa kuchangiana watu watano. Pima ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, na uandike namba zote mbili. Ukizidi 140 kwa 90 katika siku tatu tofauti, nenda kituo cha afya kilicho karibu hata kama kadi imelala, na uende na daftari. Ukizidi 180 kwa 120 nawe una maumivu ya kifua, pumzi inabana, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, usingoje asubuhi.